Gauni la Kupigia Picha

Nasoma maendeleo ya kimataifa, mwaka wa mwisho. Mhadhiri wetu hulieleza neno hilo kipindi kizima bila kumeza mate, na sisi tunatikisa vichwa kama mijusi. Nikirudi nyumbani kumsimulia mama, huniuliza kama nimekula.

Mama ni fundi cherehani, mjane, mdomo mkali, na havuki kizingiti bila kujipamba. Shirika moja lilimpa cherehani ya pili, isiyo na mkanda; ameiwekea redio juu. Kwa mujibu wa ripoti yao, hiyo ndiyo iliyomkomboa.

Shirika hilohilo likanichukua kwa majaribio. Haliajiri ndugu wa wanaosaidiwa, kwa hiyo mama akanionya mapema: "Siku ukija na hao wakubwa zako, hunijui sikujui. Usije ukajiharibia."

Siku ya kupiga picha za ripoti ya wafadhili ikafika. Nilikwenda na mpiga picha na mkurugenzi, bwana mmoja anayetamka "jamii" kana kwamba anataja ugonjwa. Mama akatupokea amevaa gauni jipya la buluu alilolishona mwenyewe, kola imekaa, vifungo vinang'aa. Nilimwonea fahari mno.

Mkurugenzi akanivuta pembeni. "Huyu mbona amenawiri hivi? Wafadhili watatuelewaje? Mwambie abadilishe, avae nguo ya shida."

Nimekesha na vitabu kutafuta maana ya maendeleo, kumbe ni hiyo: watu wainuliwe, ila wasionekane wamesimama. Upuuzi mtupu!

Chumba chenyewe kidogo, mama alisikia kila neno. "Nguo ya shida sina, bwana mkubwa," akasema, "lakini hilo lisitukoseshe usingizi." Akachukua mkasi, akaukata mkono wa gauni kuanzia begani, kisha akaing'oa kola. Nyuzi zikabaki zinaning'inia.

"Hapo sasa!" mkurugenzi akafurahi.

Nikashindwa kuvumilia. "Bosi, huyu ni mama yangu mzazi!"

Mkurugenzi akaniangalia mimi, akamwangalia yeye. Mama hata hakupepesa macho.

"Simjui huyu. Mimi Mungu hakunijalia mtoto," akasema, akaketi mbele ya kamera. "Pigeni picha, nina kazi za watu."

Mkurugenzi akanipigapiga begani. "Huruma imekuzidi, kijana. Utazoea." Kisha akaninong'oneza, uso umemchanua: "Andika na hilo. Mjane, tena hana mtoto. Wafadhili watalia."