Tarehe Mosi Januari

Dirisha letu la usajili hospitalini lina nondo, na sisi makarani wawili tunakaa nyuma yake kama kuku tunduni. Mimi nina miaka kumi na minne humo. Mwenzangu tulimbandika jina la Bi Sharti, na wala hatukumwonea.

Alijifunza kuandika programu kwa miezi mitatu, saa ya chakula, kwa kitabu cha kuazima na simu yenye kioo kilichopasuka. Kila akijifunza kitu lazima anieleze, nitake nisitake. Kompyuta haina akili, ni ya kuambiwa: kama umri ni namba, pokea; kama ni maneno, kataa, uliza tena. Usipoweka masharti, alisema, watu watakujazia takataka. Hapo alisema kweli, tena takataka zenyewe tulikuwa tunazijaza sisi. Mgonjwa asiyejua siku aliyozaliwa tulimwandikia tarehe mosi Januari, tukamwita anayefuata. Ukifungua daftari letu utadhani nusu ya mji ilizaliwa siku moja.

Basi akaongeza sharti: kama tarehe ni mosi Januari, kataa. Mkubwa wetu alifurahi kupita kiasi, akaipeleka programu ofisi kuu, nao wakaifunga kwa nywila yao, hata mwenyewe asiweze kuigusa. Wiki sita nzima Bi Sharti akawa anarudisha watu. Aliwaambia wakalete karatasi sahihi, mkavu kabisa. Mimi nilinyamaza. Najilaumu mpaka leo.

Kisha akaja daktari wa macho, yule anayepita kwetu siku moja tu kwa mwaka. Hapokei jina lisilotoka kwenye mashine, na orodha inafungwa saa sita mchana. Mama yake Bi Sharti alikuwa wa saba kwenye foleni. Ana mtoto wa jicho. Jicho moja limekwisha, la pili linaona vivuli. Akapitisha kitambulisho chini ya nondo, nami nikakiona kabla ya binti yake. Mosi Januari.

Msimcheke. Nani kati yenu amewahi kusoma tarehe kwenye kitambulisho cha mama yake? Kwao ilijulikana tu kwamba mama alizaliwa wakati wa mavuno, na karani fulani kama sisi akamaliza kazi.

Bi Sharti aliandika tarehe, mashine ikakataa, swali likarudi palepale. Akaandika tena, na tena, utadhani kile chuma kitamwonea huruma. Alipiga simu ofisi kuu mara nne, fundi hayupo. Hakuwa na pa kutokea, masharti aliyaandika kwa mkono wake. Saa tano na nusu akaweka tarehe mbili Januari, ikapokelewa bila swali.

Muuguzi wa chumba cha upasuaji akalinganisha karatasi na kitambulisho, akamrudisha mama. Tarehe hazifanani, huenda huyu ni mtu mwingine. Simlaumu, hakuna anayetaka kupasua jicho la asiyehusika. Tulipomaliza kubishana saa sita ilikuwa imepita na orodha imefungwa, mpaka mwakani, na jicho lile halina mwaka wa kusubiri.

Bi Sharti akatoka nyuma ya nondo, akachuchumaa mbele ya benchi na kumweleza mama yake kila kitu, huku analia. Mama hakumkaripia. Alimtafuta binti yake kwa mkono mpaka akampata bega.

"Na wale wengine uliowarudisha, mwanangu, ni wangapi?"

Bi Sharti akanitazama mimi, nami nikaigeukia mashine kuwatafuta. Programu yake iliwaandika waliopokelewa tu. Waliokataliwa haikuandika hata jina moja.