Shamba la Juu Kabisa

Kijiji chetu kimening'inia ubavuni mwa kilima huko Kilungu, na ukitaka kukijua, anza na matuta. Nyanya zetu ndio walioyachimba, kwa majembe, wakiimba, enzi ambazo mvua ilibeba udongo wote hadi mtoni na kuwaachia mawe. Walichimba kwa mwethya: leo kwako, kesho kwangu, mpaka kilima kizima kikawa ngazi. Wageni hupiga picha. Mimi ngazi hizo zimenichosha.

Zimenichosha kwa sababu shamba letu ndilo la juu kabisa. Tuta langu likibomoka, maji yanamshukia jirani, yanabomoa na lake, hivyo hivyo hadi mahindi ya mwisho kule bondeni. Shamba la juu haliachwi bila mtu. Ndugu zangu waliliona hilo mapema wakatoroka mmoja mmoja, huyu Nairobi, yule Mombasa, na mimi kitindamimba nikabaki na mama, mvua na jembe. Mawingu yakikusanyika wenzangu hufurahi. Mimi hushika jembe nikayakague matuta.

Mwaka jana nilipata kazi kwenye agroveti, duka la mbegu na dawa za mifugo, mjini Wote. Kazi ya kukaa kivulini, jamani! Niliikubali papo hapo, nikaupanda mlima huku nikipanga maneno ya kumwambia mama: ningetafuta kibarua wa kuangalia matuta, ningekuja kila wikendi. Njiani maneno yalikuwa matamu sana.

Nilipofika nilikuta uwanja umejaa. Mwethya mzima ulikuwa pale, wazee kwa vijana, majirani wote wa chini. Walikuwa wamebeba matofali mgongoni kutoka barabarani, maana gari halifiki kwetu, na tayari walikuwa wamechimba msingi kando ya nyumba ya mama. Nikauliza nyumba ni ya nani.

"Ni yako," akasema mama mwenye shamba lililo chini ya letu. "Wewe ndio unatushikia hii mlima. Tutakuacha ulale kwa jikoni mpaka lini?"

Mama yangu alikuwa akipakua muthokoi, akicheka kama siku ya harusi. Nilishikwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na wa kumwendea. Ningewaambia nini watu wenye vumbi la matofali hadi kwenye kope? Wangenitukana, ningeondoka siku hiyo hiyo. Lakini wao walinijengea.

Fundi akanijia na kamba yake ya kupimia.

"Mlango iangalie wapi?"

Watu wote wakanitazama. Nilifungua kinywa niwaambie habari za kazi yangu.

"Iangalie juu," nikasema, "ndio nikiamka nione maji ikianza kushuka."