Tulipanga road trip ya bei chee kwenda kuona theluji Scotland, tukaishia Croydon

Wakuu, poleni na majukumu.

Huu uzi nimeuweka kiporo toka mwezi wa kwanza kwa sababu ya aibu. Leo niko off, mvua inanyesha hapa Barking, nikasema acha niutoe tu roho itulie. Ni kweli tupu. Nikitia chumvi mahali nitawaambia.

Kwa wasionijua, mimi ni mtoto wa Singida, London niko mwaka wa tano sasa. Nafanya care, yaani nahudumia wazee kwenye nyumba yao ya kulelea. Kazi nzuri tu, mgongo ndio unalalamika.

Sasa kule nyumbani kuna shida moja. Watu hawaamini kama niko Ulaya.

Msicheke kwanza. Kwenye kikoba cha mama yangu, kile kikundi chao cha kuweka na kukopa, kuna jirani anaitwa Mama Zawadi. Huyu mama kashatangaza mtaa mzima kwamba mimi niko Dodoma, maisha yamenipiga nimejificha, nauza mitumba. Ushahidi wake ni kwamba miaka yote hii sijarudi hata mara moja, na hakuna mtu aliyewahi kuniona kwenye theluji.

Kurudi siwezi. Maombi yangu ya kuongezewa visa hayajajibiwa, na ukitoka nchini kabla ya jibu umejifuta mwenyewe. Wenye uzoefu mnaelewa.

Theluji nayo hapa London ni ya kuviziana. Inaanguka ukiwa kwenye shift, ukitoka unakuta tope. Nilishatuma picha nimesimama mbele ya basi jekundu, Mama Zawadi akasema siku hizi picha zinatengenezwa kwenye simu.

Mama mwenyewe hakuwahi kuniambia hayo. Aliniambia mdogo wangu, kwamba mama ameanza kukwepa vikao vya kikoba kwa sababu wanamcheka. Iliniuma, sitaficha. Nikampigia nikamwambia, mama, Jumapili ya mwisho ya mwezi huu waite kikoba kizima nyumbani, nitapiga video call nikiwa juu ya mlima wa theluji, live, wanione kwa macho yao.

Akasema, "Haya, nitapika."

Sasa hapo jua kwamba hakuna tena kurudi nyuma. Mama keshasema atapika.

Ndipo anapoingia rafiki yangu Deo. Deo ni dereva wa mabasi hapa London, na ni Mhaya, atakwambia mwenyewe kabla hujamuuliza. Mtu mzuri sana, ila kwake yeye hata kwenda dukani kunahitaji mwenyekiti.

Nilimwambia kitu kidogo tu. Tukodi gari, watu wawili, twende Scotland, nipige simu, turudi. Budget ya kubana. Jioni ile ile nikajikuta nimeungwa kwenye group la WhatsApp, "KAMATI YA SAFARI YA THELUJI". Members wawili. Deo Mwenyekiti, mimi Katibu. Akaandika, "Wajumbe wote karibuni." Mjumbe mwenyewe nilikuwa mimi peke yangu.

Tukafanya vikao vya maana chumbani kwangu. Gari, tukachukua dogo kuliko yote, milango miwili, ukikaa goti linagusa kidevu. Chakula, tubebe chapati na mayai ya kuchemsha, marufuku kununua kitu barabarani. Deo akasema heater inakula mafuta, kwa hiyo kila mtu avae suruali mbili. Nikaandika kwenye group kama Katibu, "Imepitishwa."

Tukafika kwenye malazi. Hapa ndipo tulipojiloga.

Mzungu akipanga safari anatafuta hoteli. Sisi tunauliza, "Huko tuna nani?" Deo akakumbuka kwamba Mama Careen wa Croydon ana kaka yake Glasgow, anaishi peke yake kwenye nyumba ya vyumba vitatu. Malazi ya bure hayo. Kamati ikapitisha kwa kauli moja.

Huyu Mama Careen ndiye alinipokea airport siku ya kwanza, nikiwa na koti la suti kwenye baridi ile. Akanilaza kwake, akanilisha mpaka nikapata kazi. Huyo kwangu ni mama, sina jina lingine la kumuita. Deo akampigia, akakubali hapo hapo.

"Wanangu, kaka yangu atawapokea vizuri tu. Kuna kamzigo mtampelekea. Piteni Ijumaa mkachukue."

Kamzigo, wakuu.

Ngoja niwaeleze wale ambao hawajawahi kuishi nje. Nchi hii ukituma kifurushi leo, kesho kiko mlangoni kwa mtu. Lakini Mtanzania hatumi kwa posta kama kuna mtu anakwenda. Anayekwenda ndiye posta. Na hakuna anayesema mzigo, wote wanasema kamzigo, halafu ukifika unakuta gunia.

Ijumaa tukatoka Barking. Chukueni ramani muangalie. Scotland iko kaskazini, Croydon iko kusini. Yaani safari ya kwenda kaskazini tuliianza kwa kuvuka London nzima tukirudi nyuma, tena kwa foleni ya Ijumaa, na Deo kwa mazoea ya kazi anapunguza mwendo kila kituo cha basi. Kuna bibi mmoja alitupungia mkono tusimame. Hapo kwa bibi nimetia chumvi, mkono alipunga kweli, ila huenda alikuwa anasalimia mtu mwingine.

Tunafika kwa Mama Careen, nyumba imejaa. Uani kuna turubai, masufuria ya shughuli, wanawake wameshona sare. Nikamwangalia Deo. Deo akaangalia ukuta.

Akatoka Careen mwenyewe, binti mkubwa. Huyu kazaliwa hapa hapa, Kiswahili anasikia chote lakini atakujibu kwa Kiingereza.

"It's my send-off tomorrow," akasema. "Deo didn't tell you?"

Kumbe Mwenyekiti alishapewa kadi yetu ya mwaliko kitambo, akasahau. Kichwa chake kilikuwa kimejaa agenda za theluji.

Mama Careen akaja anafuta mikono. "Mmekuja na gari? Mungu mwema." Alipochungulia nje akaliona lenyewe, uso ulishuka kidogo, ila hakukata tamaa. "Kamzigo bado hakajafungwa. Laleni hapa, asubuhi mtaondoka."

Asubuhi gani sasa. Asubuhi ilikuwa ya kufuata viti. Kale kagari kalibeba viti, kakabeba maua, kreti za soda, mashangazi wawili walionona, na keki ya ghorofa ambayo niliipakata mapajani toka Thornton Heath nikiwa nimebana pumzi. Nikamwambia Deo tutoroke. Akanijibu, "Katibu, nenda wewe ukamwambie mama."

Nikaenda kweli. Nikamkuta anachambua mchele. Hata mdomo sijafungua, akaniuliza, "Mwanangu, umekula?" Nikarudi kubeba viti. Huwezi kumwambia mama wa namna ile, siku ya kumuaga binti yake, kwamba una haraka ya kwenda kuangalia barafu.

Jioni ukumbini nikajipa moyo. Nikasema tukiondoka shughuli ikiisha tu, tunaendesha usiku kucha, tunafika kwa mjomba wa Glasgow tunaoga, tunapanda mlima, tunapiga simu. Bado inawezekana.

MC akaanza utambulisho. "Na sasa nimkaribishe mjomba wa bibi harusi, aliyesafiri kutoka mbali, kutoka Glasgow."

Deo akaacha kutafuna.

Mwenyeji wetu, mwenye nyumba ya vyumba vitatu, alikuwa meza ya mbele Croydon anamalizia paja la kuku, funguo ziko mfukoni. Kumbe alimwambia dada yake kazini wamemnyima ruhusa, halafu akaja kwa kushtukiza. Nikamfuata nikajitambulisha, nikamwambia sisi ndio tulikuwa tunakuja kwako na mzigo wako. Alifurahi huyo. "Aah, msisumbuke, nitaubeba mwenyewe. Au kwa kuwa mna gari, Jumatatu mnipe lifti twende wote."

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nilitaka kulia kwa hasira. Nilimuona mama Singida anawakopa majirani viti vya plastiki, anawapanga uani, ana uhakika na mimi.

Shughuli iliisha karibu na alfajiri, Jumapili nikaamka hesabu za barabara zimekataa. Hata tungepaa tusingefika mlimani kwa muda ule. Na shughuli ya Kitanzania mnaijua, haiishi siku ya shughuli. Kesho yake kuna kuvunja kamati, waandaaji wanakula na kuagana. Mbuzi alikuwa ameshanunuliwa, mimi nikavalishwa aproni nikapewa upande wa mishkaki.

Mimi ndiye niliyetakiwa kupiga simu. Nikawa nachelewesha, nageuza mishkaki iliyokwisha kuiva. Simu ikaita yenyewe. Mama, video.

Nikapokea. Kikoba chote kiko uani kwetu, Mama Zawadi mbele kabisa, kavaa miwani.

Sasa piga picha walichokiona wao. Mimi na aproni. Moshi wa nyama. Nyuma yangu turubai, wamama na vitenge vyao, spika inapiga muziki wa nyumbani, na mtu anauliza kwa sauti nani kachukua upawa.

Mama Zawadi akasogea karibu na simu. "Hiyo si Area C hiyo, pale Dodoma?"

Nikageuza kamera haraka nikamuonyesha jirani wa Mama Careen, mzee wa Kizungu aliyekuwa ameshapewa shati la kitenge na sahani ya pilau. Akapunga mkono, akasema, "Mambo vipi." Alifundishwa asubuhi ile ile.

"Wazungu hata Dodoma wapo," akasema Mama Zawadi. "Kwenye mashirika."

Deo aliona ninazama. Akakimbia jikoni, akakwangua barafu yote ya kwenye friza, akarudi na beseni, akapanda juu ya kiti nyuma yangu akaanza kuninyunyizia kichwani. Wakuu, hapa sijatia chumvi hata punje. Kipande kimoja kilikuja na mkia wa sato.

Kikoba kikaangua kicheko. Wengine walishika mbavu. Mimi nimesimama, maji yananitiririka shingoni, nanuka samaki, sijui nikate simu au niendelee kutabasamu.

Mama ndiye hakucheka. Nilimuona ananitazama tu. Halafu picha ikaanza kutikisika, nikajua amebeba simu anatembea. Kelele zikapungua, nikasikia kuku. Alikuwa amekwenda nyuma ya nyumba.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya chini.

"Mama, niko London. Haki ya Mungu niko London."

"Sijakuuliza." Akageuka kuhakikisha hakuna mtu. "Sikiliza. Kama uko Dodoma, panda basi la jioni uje. Sitamwambia mtu. Hiyo Ulaya walikuwa wanaitaka wao, mimi sikuitaka. Chumba chako nakifagia."



Nitawaambia ukweli wangu hapa kwa sababu hamnijui sura. Kwa mara ya kwanza toka nije huku, nilitamani Mama Zawadi awe sahihi. Dodoma kwetu ni karibu. Ningekula jioni ile ile nyumbani.

Nikamwambia, "Nitakuja, mama."

Akauliza, "Lini?"

Nikamwambia mtandao unakatakata, sisikii vizuri. Mtandao ulikuwa safi kabisa.

Gari tulilirudisha Jumatatu, boot imejaa pilau ya kufungiwa. Kamzigo alikabeba mjomba kwa treni. Deo aliandika kwenye group, "Kamati imevunjwa rasmi," nikajitoa.

Nilichojifunza, wakuu. Kwanza, malazi ya bure ni ghali, heri hoteli. Pili, nilihangaika kumtafutia mama ushahidi wa kuwaziba watu midomo, na siku zote hizo sikuwahi kumuuliza yeye anataka nini. Hilo la pili bado linanikaba.

Karibuni mchangie. Wa kumtukana Deo amtukane, yumo humu anasoma. Ila zaidi nawauliza ninyi wenzangu mlio mbali na mnaosubiri karatasi kama mimi, mzazi akiuliza unarudi lini huwa mnamjibu nini? Mama anapiga kila Jumapili, na mtandao hauwezi kukatika kila wiki.