Bomba la Kandanda

Mwamvita alikuwa Mzaramo mzaliwa wa Tabora. Babu yake alipanda na msafara kutoka pwani, akafika, akachoka, akaoa, basi. Kwa hiyo Wanyamwezi wote wa mji ule walikuwa watani wake, na ulimi wake haukuwa na hatamu. Alikaanga vitumbua uani kwake, mtaa wa Chemchem, na adha yake ilikuwa moja: maji. Kiangazi kikikolea visima vilitoa tope tupu, naye na goti lake bovu akavuka reli kutafuta ndoo moja.

Mwaka wa hamsini na mbili zikaja habari kwamba kandanda la nchi tatu, Kenya, Uganda na Tanganyika, litachezwa Tabora. Mji ukapandwa na wazimu. Mwenyekiti wa kamati ya mapokezi alikuwa Bwana Damas, karani, Mnyamwezi mwenye suti moja na maneno mengi. Alisimama sokoni akasema wageni wataleta neema: biashara, taa, sifa. Litavutwa bomba mpaka kiwanjani ili nyasi ziote, na mashindano yakiisha litahamishiwa Chemchem. Ila mafundi wamechelewa, hivyo akina mama wasaidie kumwagilia kwa ndoo.

Wakasaidia, masikini wa Mungu! Nyasi zilikunywa maji ambayo watoto wao hawakuoga; bomba lenyewe likafika kiwanjani nyasi zimekwisha kuota. Nyumba za kando ya barabara zikapakwa chokaa upande wa mbele tu, kana kwamba mgeni hana shingo ya kugeuka. Mwamvita naye akaloweka mchele mwingi, akitarajia wateja.

Wageni wakaja. Wakalala kwenye mabehewa yao, wakala humo humo, wakacheza, wakaenda zao. Vitumbua vikachacha. Neema waliyoiacha ilikuwa maganda ya machungwa kiwanjani. Kisha bomba likang'olewa kweli, likahamishwa kweli, mpaka bustanini kwa Bwana Damas.

"Ni kwa muda tu, mama," alimwambia Mwamvita alipokwenda kuuliza, huku akimwagilia kabichi.

Mwamvita akachukua ndoo yake, akavuka reli.

Haukupita muda mrefu, mama yake Damas akafariki. Nani Tabora asiyejua kwamba msibani mtani ana haki ya kuzuia jeneza mpaka apewe chake, wala hakasirikiwi? Jeneza lilipoinuliwa, Mwamvita akajilaza kizingitini, goti bovu na yote.

"Hapiti mtu! Mnyamwezi wewe, babu yako alibeba pembe za ndovu za watu mpaka pwani, akazifikisha kwa mwenyewe. Wewe umepewa bomba moja tu la watu, ukalifikisha kwako!"

Waombolezaji wakaangua kicheko, hata waliokuwa wakilia. Damas, jasho likimtoka ndani ya suti ile ile, akampa kanga mpya.

"Sina shida ya nguo."

Akaahidi mbuzi.

"Mbuzi hajazi ndoo. Nataka bomba. Marehemu alikwenda nami kiwanjani na ndoo yake kichwani, na ahadi yako aliisikia. Leo unamzika na uongo wako?"

Hapo Mwamvita hakuwa akitania tena, alikuwa akilia. Katekista akafunga kitabu chake akingoja. Mjomba wake Damas, mzee Shilinde, akamshika mpwa wake bega. "Mpe mtani chake, tuzike. Usitutie aibu."

Damas akaapa mbele ya wote, na Mwamvita akainuka, akajifuta vumbi, akalisindikiza jeneza mpaka kaburini.

Kabla ya mvua bomba lilisimama Chemchem. Mwaka uliofuata Damas alipanda tena jukwaani sokoni. Alitaka mashindano mengine, makubwa zaidi.

"Anayeuliza kandanda lilitufaa nini," alinguruma, "akatazame bomba la Chemchem!"

Mwamvita alikuwa akipita na ndoo yake, imejaa pomoni. Akasimama.

"Mwongo we! Kandanda lilituachia maganda. Bomba tumeachiwa na mama yako."