Msalaba wa Mgeni Wetu

Mama yangu alimpinga kaka yake mara moja tu maishani, na alimpinga kwa ajili ya kaburi la mwanamke ambaye hakuwa hata ndugu yetu.

Sisi ni Wamakonde wa Newala. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno la mwisho; baba unaweza kubishana naye, mjomba hapana. Na mjomba wangu alikuwa pia katekista wa kigango chetu. Padre alikuja mara moja kwa mwezi. Siku nyingine zote kanisa lilikuwa mikononi mwa mjomba na daftari lake la wabatizwa.

Mwanamke huyo alivuka Ruvuma wakati vita vya Msumbiji vimepamba moto. Ndege za Wareno zilikuwa zimechoma kijiji chao, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeungua hata haukunyooka tena. Baba alikuwa Tanga kwenye mashamba ya mkonge, nafasi ilikuwepo, mama akamkaribisha. Kimakonde chake kilitofautiana na chetu kidogo tu. Alikaa nasi zaidi ya mwaka. Kila asubuhi tulishuka naye bondeni kuchota maji, na kabla ya kujitwika ndoo na kuanza kupanda ule mlima alifanya ishara ya msalaba, kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa ndio aliokuwa nao. Siku moja mjomba alimwona kanisani akifanya hivyo, akakunja uso.

Masika ya mwaka wa pili alishikwa na homa, na siku ya nne akafariki. Mjomba alikubali azikwe kwenye makaburi ya kanisa, pembeni kabisa, karibu na mihogo ya watu.

"Lakini msalaba hapana," alisema. "Hana cheti, hayumo kwenye daftari, hata ishara alikuwa haijui."

 Tulipotoka mazikoni mama aliingia ndani, akang'oa mifumbati miwili ya kitanda alichokuwa akilalia marehemu, akaifunga kwa kamba, akaniambia nichukue jembe. Nilikuwa msichana wa darasa la sita, naimba kwaya, na nilimwogopa mjomba kuliko mwalimu mkuu. Kaburini nilichimba shimo huku nikitazama njiani.

Kesho yake tuliukuta msalaba umeegemezwa mlangoni kwetu. Mama akaurudisha. Keshokutwa yake tukaukuta tena mlangoni. Akaurudisha, na safari hii hakuondoka. Akaniagiza mkeka na kapu la mihogo, akakaa kando ya kaburi akimenya. Siku zilizofuata alihamishia kazi zake zote pale: kupeta mtama, kubangua korosho, kushona. Watu waliokwenda mashambani walipita wakimwamkia, wakifika mbele wanacheka. Mimi niliona aibu kali. Kwenye kwaya wenzangu walijitenga nami, nami usiku nilimchukia mama kidogo.

Mjomba alikuja siku ya tatu. Nilikuwepo.

"Dada, unanivunjia heshima mbele ya waumini."

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Ondoa huo mti twende nyumbani."

"Siondoi."

"Nani alikuambia huyu mtu alibatizwa?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Basi unapigania nini?"

Mama aliendelea kumenya. "Nimeishi naye," alisema. "Amepanda mlima huu na maji ya wanangu kwa mkono mmoja. Ukitaka kuung'oa, ung'oe nikiwa nimekaa hapa."

Mjomba aligeuka akaenda zake. Hapo ndipo aibu yangu iliponitoka. Kesho yake baada ya shule nilikwenda kukaa na mama, na wasichana wa kwaya walipopita sikuinamisha kichwa.

Padre alifika Jumapili. Baada ya misa mjomba alimleta makaburini, na nusu ya kigango ikafuata. Padre alimuuliza mama kwa upole kama hajui kwamba kuna utaratibu.

"Najua, Baba," mama alisema. "Naomba kuuliza. Yule mwizi aliyetundikwa karibu na Yesu, naye akaahidiwa pepo, aliandikwa kwenye daftari gani?"

 Padre aliitazama ile mifumbati, akamtazama mjomba, akasema, "Uacheni." Akafanya ishara ya msalaba juu ya kaburi, akaenda kula.

Mjomba alimtoa mama katika kundi la wanawake wanaofua vitambaa vya altare. Mama hakuomba kurudishwa. Walikaa miezi bila kusemezana, mpaka tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa wakajikuta wamepewa viwanja jirani.

Msumbiji ilipopata uhuru alikuja mwanamume kutoka ng'ambo ya Ruvuma akimtafuta dada yake. Mama, mjomba na mimi tulimpeleka pamoja kwenye makaburi ya zamani, majembe begani. Majani yalikuwa yamefika kiunoni. Alipiga magoti, akalia, kisha akashika ule mti na kushangaa. Dada yake, alisema, alikuwa ameanza mafundisho tu vita vilipoingia. Hakuwahi kubatizwa.

Mjomba alimgeukia mama. "Umesikia?"

"Nimesikia," mama alisema, akampa jembe. "Anza upande ule, kaka. Mimi nitapalilia huku."

Mjomba alivua koti, akaanza kupalilia.