Kofia ya Kinindo

Maishani mwangu nimeitwa shujaa mara moja tu, na siku hiyo nilikuwa nimezibwa masikio.

Nilikuwa fundi redio Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, kijana mwenye masharubu machache na maneno mengi, na nilitaka kuoa. Msichana niliyemtaka alikaa nyuma ya msikiti, karibu na meza yangu ya kazi. Baba yake alikuwa amefariki, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa la kaka yake mkubwa. Kaka huyo hakuwa na kasoro yoyote isipokuwa moja, kwamba alinifahamu vizuri.

Alijua kwamba risasi zikilia, mimi ndiye wa kwanza mtaani kulala chini. Kulala chini kwenyewe hakukuwa kitu cha aibu miaka ile ya vita. Kila nyumba ilikuwa na mahali pake, na kwa wengi ilikuwa korido, kwa sababu korido haina dirisha. Magodoro yalikaa humo humo, tayari. Lakini watu wazima walisikiliza kwanza. Walinyamaza kidogo, wakapima kama mlio ni wa milimani au wa mtaa wa Kinama, unakuja au unakwenda, kisha wakaendelea kumenya ndizi au wakaingia korido bila haraka. Mimi sikuwa na subira ya kupima. Niliwahi kulala chini ya meza ya mteja katikati ya kupatana bei. Niliwahi kulala harusini, na suti ya kuazima, kwa sababu tairi la baiskeli lilipasuka nje ya uzio.

Nilipokwenda kumgusia kaka mtu habari ya posa, alinisikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa mtu wa adabu.

"Mi sina ubaya na we, fundi," akasema. "Lakini dada yangu, apana. Siwezi kumupa mutu mwenye kulala chini mbele ya batoto."

Nikamjibu, kwa sauti ya mtu aliyesoma, kwamba ushujaa uko moyoni.

"Basi moyo wako njo unaangukaka wa kwanza," akasema, akaagiza niletewe chai.

Kazi yake ilikuwa kununua vitu vya wageni waliokuwa wakiondoka nchini. Hali ilipochafuka, wazungu wa mtaa wa Kinindo walifunga masanduku yao, na vilivyobaki wakaviuza getini: mafriji, mafeni, vitanda vya watoto, hata kasuku na kizimba chake. Siku moja akarudi na kompyuta, na pamoja nayo kofia nzito nyeusi yenye waya mnene. Ndani, mbele ya macho, ilikuwa na vioo viwili vidogo, na pembeni vifuniko vya masikio vyenye sponji. Mzungu aliyemuuzia alikuwa amemweleza kwa ishara kwamba ukiivaa unakwenda kupigana vita huko juu kwenye nyota. Sijui mzungu yule alikosa vita gani hapa chini. Lakini kaka mtu aliona biashara: ataiweka sebuleni, na vijana wa mtaa watalipa ili kucheza. Tatizo ni kwamba kofia ilikataa kuwaka, ndipo nikaitwa mimi.

Niliikagua kofia ile huku nimekunja uso. Nikatangaza kwamba ubongo wake umepata joto, na kazi itachukua muda. Ukweli ni kwamba waya mmoja nyuma ya kompyuta haukuwa umeingia sawasawa, na niliuona siku ya kwanza kabla sijakaa. Lakini chai ya nyumba ile ilikuwa inaletwa na yule msichana. Nikafungua skrubu, nikafunga skrubu, nikakunywa chai. Siku kadhaa zikapita hivyo, mpaka alasiri moja akaweka kikombe, akaniambia bila kunitazama, "Ule waya wa nyuma haukuingia." Akaondoka. Kabla chai haijapoa, kofia ilikuwa inafanya kazi.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Wewe ni askari kwenye jengo la chuma huko angani, na kwenye mabomba yanatoka majitu yenye mikono mirefu yanakufyatulia risasi za moto. Mkononi una kijiti chenye kitufe cha kupigia. Ukigeuza kichwa, na picha inageuka. Ukiinama unaona sakafu. Picha yenyewe ilikuwa ya miraba mikubwa kama ukucha, jitu likija karibu linafanana na ukuta wa matofali, lakini hatukuwa tumeona kitu kama kile, na mlio wake ulikuwa wa kweli kabisa. Waliobaki sebuleni walifuata yote kwenye kioo cha kompyuta.

Kaka mtu alipoiona akapata wazo, na uso wake ukachangamka. "Fundi, we utacheza. Ukifika mlango wa kwanza wa muchezo umesimama, bila kulala, tutaongea mambo ya dada. Mutu mwenye kuogopa mpaka picha, atanichungia dada namna gani?"

Nikacheka. Nikamwambia ajitayarishe kunipokea kama shemeji. Nikaivaa kofia mbele ya vijana wa jirani, mama yao, na msichana mwenyewe aliyesimama mlangoni na kitambaa cha kufutia vyombo. Jitu la kwanza likatokeza, likafyatua risasi, nami nikalala.

Sikuamua kulala. Magoti yalijiamulia. Waliniambia baadaye kwamba nilikwenda chini vizuri, mikono kichwani, na kwamba kwenye kioo hawakuona tena jitu wala bomba ila sakafu ya chuma tu. Ningebaki pale ingekuwa nafuu. Lakini mimi, na kofia yangu kichwani, nikaanza kutambaa kuelekea korido yao, kwa sababu njia niliijua. Waya ukakaza, kompyuta ikaanza kunifuata, na kaka mtu akaruka kuishika. Vijana walicheka mpaka mmoja akatoka nje kupumua.

"Mumuache mutoto wa watu," mama yao akasema. "Amechoka."

Huruma ile iliniuma kuliko kicheko. Nikarudi kesho yake, na siku zilizofuata, nikalala kila mara. Nikiwa peke yangu mezani kwangu nilijinong'oneza "ni picha, ni picha", huku nikichomea nyaya za redio za watu mahali pasipo pake. Mwishowe nikagundua dawa. Kulikuwa na kidude cha sauti pembeni ya kofia. Nikakifungua mpaka mwisho, mlio ukawa mkubwa kiasi kwamba haukufanana tena na mlio wowote wa Bujumbura, na magoti yangu, kwa kukosa cha kulinganisha, yakatulia.

Ikafika Jumamosi moja, mchana. Mama yao alikuwa amekaa sebuleni na sinia la maharage anachambua. Kaka mtu alisimama nyuma yangu, amefunga mikono. Dada yake alikuwa mahali pake, mlangoni. Nikavaa kofia, nikafungua sauti yote, nikaanza.

Siku hiyo nilikuwa mtu mwingine. Jitu lilitoka kushoto nikalipiga, lilitoka kulia nikalipiga. Nilitembea papo hapo nilipo, karibu na dirisha, kifua mbele, na sikuweza kusikia kitu kingine chochote. Nilijiona ninavyoonekana kwa nyuma, na nilipendeza. Nilikuwa nimekaribia mlango wa kwanza, nilikuwa nauona kabisa, pale kitu kilipoushika mguu wangu wa kushoto.

Kilikuwa na vidole. Nakiri nilistaajabu kwa heshima. Nikasema moyoni, hawa watu wana akili, kumbe mchezo unafika mpaka mguuni, ndiyo maana mzungu wa Kinindo alitoa pesa zake. Nikakipiga teke. Kikaachia, kisha kikarudi, kikavuta suruali. Nikakipiga teke la pili, la nguvu, nikasema kwa sauti ya juu ili wote wasikie, "Toka, shetani." Mlango ukafunguka. Maandishi ya manjano yakajaa mbele ya macho yangu. Nikaivua kofia taratibu, kwa mkono mmoja, kama nilivyojizoeza.

Sebule ilikuwa tupu. Maharage yalikuwa yametapakaa sakafuni na kioo cha dirisha kilikuwa na ufa ambao haukuwapo nilipoanza. Nje risasi zilikuwa zinalia, za kweli, za karibu, kwenye barabara ya nyuma yetu. Chini, miguuni pangu, alikuwa amelala yule msichana. Mkono mmoja ulikuwa kwenye nyusi, na damu ilikuwa inapita katikati ya vidole. Mkono wa pili bado ulikuwa umeshika suruali yangu.

"Lala," akasema.

Kwa hilo sikuhitaji mafunzo. Tulitambaa juu ya maharage mpaka korido, yeye mbele mimi nyuma. Mama yao alikuwa kwenye godoro na tasbihi yake. Kaka mtu alikuwa amelala kando ya ukuta, na alinitazama kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona kwake.

"Umesimama," akasema. "Masasi inapita juu ya nyumba, batu bote tuko chini, na we umesimama ku dirisha unapiga tu." Akaninyooshea mkono pale pale alipolala. "Mi nimekubali, shemeji. Ulete bazee bako."

Nikaushika. Lile neno shemeji nililingoja muda mrefu, na lilikuwa tamu. Nikafungua mdomo kusema kitu, na ningependa kuandika hapa kwamba kilikuwa ukweli. Najijua, sidhani. Dada yake akaniwahi.

"Hakusikia kitu," akasema, akijifuta damu kwa ncha ya kitenge. "Ile kaske ilimuziba masikio. Na shetani njo mimi."

Kaka mtu akaitazama nyusi ya dada yake. Akautoa mkono wake kwenye wangu, polepole.

"Basi ni mwoga tu," akasema.

"Ni mwoga. Mi najua tangu zamani." Hakupandisha sauti, na risasi nazo zilikuwa zinaendelea. "Lakini tulikuwa hapa bote, mama, we, na mi. Nani alitoka? Mutu hawezi kutoka mu korido kwa sababu ya mutu asiyemutaka."

Mama yao aliacha kuvuta tasbihi. Mimi nililia, siyo machozi mawili ya kiume, nililia kwa kwikwi, kichwa changu kikiwa karibu na miguu ya mama mkwe. Sikuwa najua kwamba mtu anaweza kunitaka hivyo huku ananijua hivyo. Mwishowe kaka mtu akasema wazee waje Ijumaa, na wasije na yule mjomba wangu anayeongea sana.

Tukaoana. Kofia ilikufa muda mfupi baadaye, umeme uliporudi kwa nguvu kupita kiasi, na safari hiyo ubongo wake kweli ulipata joto. Vita havikufa. Vilituchukulia miaka mingine, na nyumbani kwetu nasi tukawa na korido yetu na magodoro yetu. Bado nilikuwa wa kwanza kufika. Kovu lilibaki kwenye nyusi yake, na wageni wakiuliza, anasema aligombana na askari wa angani.

Alasiri moja risasi zikaanza, nikaingia korido kama kawaida yangu, nikaweka mkono kwenye nafasi yake, na nafasi ilikuwa baridi. Nikaita, hakuitika. Nikakumbuka alikuwa uani anaanua nguo. Nilingoja kidogo, nikitumaini mtu mwingine atakwenda, lakini nyumbani tulikuwa wawili tu. Basi nikatoka. Nilitoka kwa tumbo, nikapita mlango wa jikoni, nikapita kwenye matope ya maji ya kufulia, mpaka nikafika alipokuwa, nikamshika mguu.

Hakunipiga teke, ingawa haki hiyo alikuwa nayo. Alikuwa amesimama wima, pini ya nguo mdomoni, amegeuza sikio lake kaskazini. Akanitazama chini, na matope yangu.

"Iko mbali hiyo," akasema. "Iko Kinama kule."

Kisha akatoa pini mdomoni, akanitazama tena.

"Kumbe na we unatokaka," akasema.