Goti Lilikuwa Zima

Kuna mtu mmoja Uingereza ambaye nilipokea haki yake badala yake, nikaipokea kwa moyo mweupe kabisa, na huo weupe wa moyo ndio unaoniudhi hadi leo. Mwizi anayejua kwamba ameiba ana pa kuanzia akitaka kutubu. Mimi nilidhani natenda wema.

Ulikuwa mwaka wa Kombe la Dunia la Ufaransa. Nilikuwa nikiishi Langley Park, nje kidogo ya jiji la Washington, Marekani, katika fleti yenye watu wengi kuliko vitanda, na kazi yangu ilikuwa kutunza wazee majumbani mwao. Nyumbani Kenya nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na beki namba tano wa timu ya wilaya, mtu wa kuamkiwa sokoni. Hapa nilivaa sare ya buluu na kuwaogesha watu walionizidi umri na kunipungukia subira. Sikuipenda kazi ile, sitadanganya, mpaka nilipopelekwa Arlington kwa mzee mmoja Mwingereza.

Binti yake ndiye aliyenifungulia mlango. Alikuwa ameolewa na Mmarekani, alifanya kazi ofisini ng'ambo ya mto, na alikuwa amemleta babake kutoka Uingereza baada ya mzee kuanza kusahau jiko likiwaka. Alinionyesha dawa, bafu na ngazi, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba babake aliwahi kuwa mchezaji wa mpira. Nilimtazama yule mzee kitini pake. Pua ilikuwa imepinda mara mbili, nyusi zimekatwakatwa na makovu, sikio moja kama limetafunwa.

"Beki," nikasema.

Binti akashangaa nimejuaje. Lakini mshambuliaji hazeeki na uso wa namna ile.

Kilichotupatanisha kwanza ni chai. Watu wa kule huchovya kipakiti cha majani katika maji ya uvuguvugu na kuiita chai, na mzee alikuwa akiirudisha kila siku bila kuigusa. Mimi nilichemsha maziwa na majani pamoja katika sufuria, sukari bila huruma, kama alivyofanya mama yangu. Mzee alionja, akasema kwamba hiyo ndiyo chai waliyopewa wakati wa mapumziko, mvua ikinyesha nje na matope yakikauka miguuni. Tangu siku hiyo akaniruhusu nimnyoe ndevu.

Maisha yake niliyapata vipande vipande, nikiunganisha maneno yake na albamu ya picha aliyoihifadhi bintiye. Aliingia katika klabu ya mji mdogo wa viwanda vya nguo akiwa na miaka kumi na mitano, akiwasugulia wachezaji wakubwa viatu, na hakuhama hadi miguu ilipomwishia. Alivaa namba tano, kama mimi. Mpira wa enzi zile ulikuwa wa ngozi, na ulipolowa ulikuwa mzito kama kibuyu kilichojaa maji, naye kazi yake ilikuwa kuupiga kwa kichwa Jumamosi baada ya Jumamosi. Binti aliamini kwamba mpira ule ndio uliomla babake akili. Daktari hakusema ndiyo wala la.

Halafu kocha wa klabu akafukuzwa katikati ya msimu. Wakubwa wa klabu wakamwita yeye, angali ana matope magotini, wakamwambia kwamba kuanzia Jumatatu timu ni yake. Ijumaa alikuwa ameoga na wenzake katika birika moja la kuogea, Jumatatu walilazimika kumwita bosi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kumwacha nje rafiki yake aliyemsimamia siku ya harusi.

"Ukiwa beki unawaumiza wapinzani tu," aliniambia. "Ukiwa kocha, unawaumiza wako."

Alikaa katika kiti hicho miaka tisa. Aliipandisha timu daraja, ikashuka tena, akafukuzwa kwa simu wakati anakula chakula cha mchana. Hayo yote aliyasimulia kwa utulivu, hata kwa kicheko.

Lililomkosesha utulivu lilikuwa jambo moja. Mchana tulikuwa tukitazama mechi za Ufaransa, mimi nikilaumu mabeki, yeye akiwalaumu zaidi. Ghafla alikuwa akiacha kutazama televisheni na kunitazama mimi, macho yakimjaa maji.

"Goti lako linaendeleaje?"

Goti langu halikuwa na neno. Mara ya kwanza nilimwambia hivyo huku nikicheka. Akaanza kulia, mzee mzima, nami nikabaki nimeshika kikombe nisijue pa kukiweka.

Binti alinieleza aliporudi kutoka kazini. Enzi za ukocha, babake alikuwa na beki kijana, mweusi, wa kwanza kuivaa jezi ya klabu ile. Alizaliwa katika mji uleule na wazazi waliotoka visiwa vya Karibi. Alikuwa hodari kuliko wote. Ikafika mechi kubwa ya kombe, ugenini, kwenye uwanja ambao mashabiki wake walijulikana kwa kuwatupia weusi maganda ya ndizi na kuwalilia mlio wa nyani. Wakubwa wa klabu hawakutaka fujo. Babake alimwita kijana chumbani, akamwambia, "Goti lako halijapona, hutacheza." Goti lilikuwa zima, na wote wawili walilijua hilo. Magazeti yakaandika kwamba ameumia. Baada ya hapo kila mtu akamwona mgonjwa, mwaka uliofuata akauzwa kwa klabu ndogo kama mtu asiyetegemeka, na huko ndiko mpira wake ulikoishia.

Basi nikaelewa kwamba mzee alinidhania mimi ndiye yule. Nilikasirika. Mimi ni mtu wa milimani Kenya, yule ni Mwingereza, na kilichotufananisha ni ngozi tu. Kwa siku mbili nilimwogesha na kumlisha bila kumsemesha, ila kumwambia inua mkono, shusha mkono.

Lakini mtu huwezi kumkasirikia mzee anayelia kila mchana. Isitoshe, aliacha kula. Alisema ana miadi na kijana wake na hawezi kula kabla hajamwona. Alipungua mpaka saa ikawa inateleza mkononi hadi kwenye vidole, na daktari akaanza kuzungumza na binti wakiwa wamesimama mbali na kiti.

Kwetu, watu wakikosana na mmoja akasafiri mbali, kesi haiachwi ioze. Aliyekosa huandaa chakula. Ndugu wa aliyekosewa huja akakaa mahali pake, akasikiliza kosa likitajwa, akala, na jambo likaisha. Nilimwona baba yangu akikaa hivyo kwa niaba ya mdogo wake aliyekuwa akifanya kazi Mombasa, na sikuwahi kumsikia baba mdogo akinung'unika. Nikajiambia, huyu kijana yuko wapi sasa? Na kama ngozi imenifanya kuwa yeye, basi na initumie kwa jambo la heri.

Siku iliyofuata mzee aliponiuliza kuhusu goti, nilizima televisheni. Nikavuta kiti nikaketi mbele yake, magoti yetu yakikaribia kugusana.

"Ni zima, bosi," nikasema. "Na siku ile pia lilikuwa zima."

Alinitazama sana. Sijawahi kumwona akiwa na akili timamu kama dakika zile.

"Lilikuwa zima," akasema. "Nilijua. Nilijiambia nakulinda, lakini nilikuwa naogopa kupoteza kiti changu. Nilikuibia mpira wako, halafu nikawaacha watu waseme ni mwili wako uliokushinda. Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusamehe," nikasema.

Akanishika mikono yote miwili. Kisha akaomba chai, na mkate vipande viwili, akavimaliza.

Tangu siku hiyo hakulia tena. Alikula, alilala, alinitania kuhusu mabeki wa Afrika. Binti, ambaye sikumweleza nilichofanya, alinikumbatia jikoni akilia, akasema nimemrudishia babake. Nilipanda basi kurudi Langley Park nikijiona mtu wa maana kwa mara ya kwanza tangu nitue nchi ile.

Jumapili, baada ya kanisa, nilikwenda Oxon Hill kwa dada yangu mkubwa, ambaye alikuwa nesi. Nilimsimulia yote nikingoja sifa. Yeye akaacha chapati ikiungua.

"Kwani huyo player yuko hai?" akauliza.

"Sijui."

"Hujui? Na uka-forgive on his behalf?"

"Si ndivyo baba alivyofanya kwa baba mdogo?"

"Baba alitumwa!" akasema, mwiko juu. "Baba mdogo aliandika barua, akasema nendeni mkanikalie. Mimi ndiye niliisomea watu, wewe ulikuwa mdogo, ulikuwa busy na mpira. Wewe nani alikutuma? Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, ndugu yangu. Wewe hata kaburi hujaliona."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia uuguzi umemfanya adhani kila kitu kina fomu ya kutia sahihi. Nikala nikiwa nimenuna, na njiani nikajipa moyo kwamba yule mtu yuko mbali, hatajua kamwe, na kisichojulikana hakimdhuru mtu.

Wiki chache baadaye binti alinipokea mlangoni akiwa na uso unaong'aa. Tangu babake alipoanza kulia, kumbe alikuwa akiandika barua kwa watu wa zamani wa klabu kumtafuta yule beki. Hakuniambia kwa kuogopa kuibua tumaini la bure. Sasa amepatikana. Alipoambiwa kwamba mzee anataka kumwomba radhi, hakutaka hata kutumiwa tiketi. Alikuwa anakuja mwenyewe.

Ningeweza kusema kitu hapo hapo. Nilisema, "Vizuri," nikaenda kutandika kitanda.

Alifika mchana mmoja wa joto, mwanamume mrefu wa makamo, suti ya kijivu, viatu vinang'aa. Alipanda ngazi za mlangoni bila kushika chuma cha pembeni. Nilimkaribisha, tukasalimiana, na niliuona mkono wake umelowa jasho. Binti akamwingiza sebuleni.

Mzee alimpa mkono kwa adabu, kama alivyompa daktari.

"Bosi," mgeni akasema, "ni mimi." Akataja mji, akataja mwaka, akataja uwanja ule.

Uso wa mzee ukachangamka. "Ah, yule kijana! Alikuja. Tumeyamaliza. Kijana mwema sana, alinisamehe." Akaninyooshea kidole mimi niliyesimama na sinia la chai.

Mgeni akageuka kunitazama. Binti akaziba mdomo kwa mkono. Mgeni akavuta kiti na kuketi pale pale nilipokuwa nimeketi mimi siku ile.

"Bosi, goti langu lilikuwa na nini?"

Mzee alifikiri kwa bidii, nilimwona akifikiri. "Sijui, rafiki yangu," akasema kwa upole. "Likikusumbua, mwonyeshe daktari."

Yule mtu alikaa robo saa nzima zaidi. Alijaribu kwa njia nyingine, akataja majina ya wenzake, akaeleza rangi ya milango ya chumba cha kubadilishia nguo. Mzee aliyafurahia yote, na hakuna hata moja lililomfikisha kwenye goti lile. Hatimaye mgeni akasimama, akamshukuru binti, akaomba aitiwe teksi. Akaenda kuingojea nje juani, ingawa aliombwa akae ndani.

Nilimfuata. Nilimweleza kila kitu, desturi ya kwetu, baba yangu, mkate vipande viwili. Kisha nikamrudishia maneno ya mzee neno kwa neno, kwa kuwa nilikuwa nimeyashika: lilikuwa zima, nilijua, nilikuwa naogopa kupoteza kiti changu, nilikuibia. Nilidhani nikimkabidhi yote bila kupunguza atakuwa amepata chake. Alisikiliza akitazama magari yakipita.

"Aliyasema akikutazama?"

"Ndiyo."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikasema nimekusamehe."

Akatikisa kichwa taratibu. "Mimi nisingesema hivyo," akasema. "Labda mwishoni. Kwanza ningemwambia kwamba mama yangu alinunua koti jipya la kuvaa kwenye mechi ile. Alishakata tiketi ya treni. Alikufa akiamini nilikuwa na goti bovu, kwa sababu niliona haya kumwambia kweli."

Teksi ikaingia ikasimama mbele yetu. Nilimwomba anisamehe, na nikamwambia kwamba kama ana la kusema zaidi, aniambie mimi, nitasimama pale mpaka jioni nikimsikiliza.

Alinitazama bila chuki, mkono wake ukiwa juu ya mlango wa gari.

"Hapana," akasema. "Wewe umeshasikia ya kutosha."